TAHADHARI: Anauza malori ya zamani ya jeshi "na makaratasi yake yote". Makaratasi ni ya kughushi

Naandika nikiwa na hasira, na aibu pia, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka mambo. Kwa nini nilihama, na kwa nini lori lilipaswa kuwa limepakiwa melini kabla ya mwisho wa mwezi, wengi wenu mnajua, sirudii. Nililokuja kusema ni hili: kuna mzee anauza malori ya zamani ya jeshi la Marekani, anawavizia hasa watu wanaohama nchi, na anawaahidi kwamba hati anazotoa zitawawezesha kulisajili lori popote waendako. Hati hizo ni za uongo. Namba iliyo kwenye kibati cha lori si ya lori hilo. Langu limezuiliwa bandarini huko Marekani, mimi nimeshahama, na akiba yangu yote iko kwake.

Lori lenyewe ni M35A2 la 1971, tani mbili na nusu, ekseli tatu na zote zinavuta. Lile lile mlilonisikia nikiliota miaka yote hii.

Nataka mjue ilivyokuwa siku hiyo, kwa sababu kila ninayemsimulia ananiuliza, "Wewe kweli? Wewe unayejua magari?" Ndiyo, mimi.

Nilifika asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, umechelewa nikadhani umeghairi." Kiswahili safi kabisa. Ukiwa ugenini miaka mingi, ukasikia "marahaba mwanangu" kutoka kwa mtu mwenye mvi na ovaroli iliyolowa grisi, kuna kitu ndani yako kinalegea. Hakuharakisha biashara. Aliniuliza habari za wazazi, akaniuliza nahamia lini, nina watoto wangapi, mizigo mingine inapita wapi. Mimi nilidhani ni utu. Sasa naelewa alikuwa anapima nina haraka kiasi gani.

Lori lilikuwa limeoshwa. Lori hili halina ufunguo: unawasha swichi ya kwenye dashibodi, unabonyeza kitufe, basi. Akaniambia nibonyeze mwenyewe. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika, na turbo yake ikaanza kupiga ule mluzi. Wanaojua injini za LDT-465, kama iliyomo kwenye lori hili, wanajua mluzi ninaousema. Akachukua dumu la mafuta ya taa, akamimina kidogo kwenye tangi mbele ya macho yangu huku injini ikinguruma, akasema, "Hii haibagui, inakula dizeli, inakula mafuta ya taa, huko uendako hutakwama." Hilo lilikuwa kweli, injini ile ilibuniwa kutumia mafuta ya aina nyingi. Ndivyo alivyonimaliza: alinieleza mambo kumi ya kweli, na la kumi na moja nikalipokea bila kuuliza.

Kisha akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na SF-97, ile hati ambayo serikali ya Marekani humpa mnunuzi wa gari lililotoka serikalini ili akachukue hati ya umiliki ya kiraia. Akanipa niishike. Akapanda, akafuta vumbi kwenye kile kibati cha taarifa kilichopigwa ribiti kwenye dashibodi, akaanza kunisomea namba, herufi moja moja, polepole, kama mwalimu anayesoma imla. Mimi nimesimama kwenye ngazi, kidole changu kinafuata kwenye karatasi. Herufi 17. Zote zikaoana. Mpaka leo nikifumba macho nasikia ile sauti yake, na nakiona kidole changu kikifika mwisho wa mstari, nami natabasamu.

Na niliuliza, jamani! Msiseme sikuuliza. Nilimwambia, "Mzee, na kwenye fremu namba iko wapi?" Akanijibu bila kusita kwamba iko chini ya rangi, na kwamba nisithubutu kukwangua, kwa sababu lori lililopita miaka 30 linasajiliwa kama gari la kale, na wakaguzi wa magari ya kale wakikuta rangi ya jeshi imekwanguliwa wanasema uhalisia umeharibika. Nilikuwa nimesoma kuhusu FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, nikajua kweli wanataka gari liwe na angalau miaka 30 na liwe limetunzwa katika hali yake halisi ya kihistoria. Kwa hiyo uongo wake ulikaa sawasawa juu ya kitu nilichokijua. Ningemkatalia vipi? Nilituma nusu ya pesa nikiwa nimeegemea tairi, simu mkononi. Jina la akaunti halikuwa lake. Akasema ni kampuni ya mwanawe. Nusu iliyobaki nilituma wiki iliyofuata, kabla lori halijaondoka uwanjani kwake.

Bandarini ndipo nilipoumbuka. Gari lililotumika likitoka Marekani, watu wa forodha lazima wapewe hati ya umiliki na gari lenyewe angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, ili walinganishe. Ofisa alikuwa mtu mpole. Alitazama karatasi, akatazama kibati, akanitazama mimi. Akaniuliza, "Hili ni la mwaka gani?" Nikasema 1971, kwa fahari. Akaniuliza tena, nikarudia. Ndipo akaniambia kwamba namba za herufi 17 zimekuwa za lazima kwa magari ya Marekani kuanzia ya mwaka 1981. Lori la 1971 linatoa wapi namba ya herufi 17? Halafu akaweka kidole kwenye herufi ya tisa kutoka mwisho. Ilikuwa O. Mfumo ule hautumii kabisa herufi I, O wala Q, kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Mtu aliyeghushi hakujua hata hilo, na mimi niliyelipa sikujua pia.

Akaleta brashi ya waya na kitambaa chenye thina, akasugua ubavu wa fremu. Ilichukua chini ya dakika tano. Chini ya rangi ya kijani ikatokea namba fupi, imegongwa kwenye chuma, haifanani hata kwa tarakimu mbili na ile niliyosomewa. Walipoitafuta, ikaonekana ni ya lori lililouzwa kama vipuri, lisilokusudiwa kurudi barabarani, na halikuwahi kutolewa SF-97. Vibati vya dashibodi vinauzwa vipya, vitupu, kwa watu wanaokarabati malori yao kihalali. Unagonga unachotaka.

Nilimpigia papo hapo. "Mwanangu, hiyo ni kawaida, usiwe na wasiwasi, niongezee kidogo, nina mtu huko ndani." Hata hapo, Mungu anisamehe, kwa sekunde kadhaa nilifikiria kutuma. Nilipomwambia ofisa amesimama kando yangu, simu ikakatika. Tangu siku hiyo haipokelewi.

Yale mengine aliyoniambia kuhusu usajili wa nchi ya pili nayo yalikuwa uongo, nimeyajua baadaye nilipoanza kuuliza wenye kazi yao. Alisema lori la jeshi halihesabiwi kwenye kodi ya anayehama. Si kweli. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ili usamehewe ushuru wa mali unazohama nazo, wanataka uwe umelimiliki na kulitumia gari angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na ukishaingia nalo huruhusiwi kuliuza wala kuliazimisha kwa miezi 12. Tena magari ya biashara hayamo kwenye msamaha huo, kwa hiyo mwenye lori ana kazi ya kueleza. Mimi nilikuwa nalo kwa wiki chache. Alisema likishapita miaka 30 halikaguliwi. Uongo. Umri unaweza kukufungulia mlango wa usajili wa magari ya kale, lakini mkaguzi bado atataka kuona breki, na M35A2 ina mfumo mmoja tu wa breki za majimaji: bomba moja likipasuka, umepoteza zote. Bado kuna taa zake za vita na umeme wa volti 24. Bado kuna uzito, lori tupu linakaribia tani 6, leseni ya gari dogo inayoishia tani 3.5 haikuruhusu hata kulitoa bandarini. Na chombo kilichobuniwa kwa ajili ya jeshi, hata kama hakina silaha wala deraya, huenda kikahitaji kibali cha kutoka nchini. Hakuna hata moja ya haya aliyonitajia. Alijua lori halitafika mbali kiasi hicho.

Mtu huyu afungwe. Sitafuti maneno laini. Asirudishe pesa tu halafu aachwe aende akagonge kibati kingine. Uwanjani kwake niliona malori mengine manne, yote yameoshwa, yote na boneti wazi yakisubiri wageni, na kila moja lina mtu wake mahali fulani anayeweka akiba. Anatumia Kiswahili chetu kama ndoano. Anatumia shikamoo zetu. Mtu mzima anayekuita mwanangu huku anakuibia safari yako ya maisha hastahili kuheshimiwa kwa mvi zake. Nimeshatoa taarifa polisi na benki, nimewapa kila ujumbe, na nitakwenda mahakamani hata kama itanibidi nipande ndege kurudi. Na huyo "mwanawe" mwenye akaunti naye aitwe, aeleze hela zile zilikwenda wapi.

Mnaoniuliza ningegundua vipi: ribiti za kibati zilikuwa zinang'aa kuliko kibati chenyewe, nililiona hilo na nikalipita. SF-97 ilikuwa nakala ya rangi, na jina la mnunuzi wa kwanza aliyelichukua serikalini halikuwa la mzee wala halikuunganishwa naye kwa saini yoyote. Kutoka mkono ule hadi wako kila mkono lazima uonekane. Akaunti ya jina la mtu mwingine. Haraka, ingawa haraka ilikuwa yangu, yeye aliitumia tu. Namba ya fremu isome wewe mwenyewe, kwa macho yako, chuma kikiwa wazi, na kama muuzaji anakuzuia kukwangua rangi yenye upana wa kiganja, ondoka hapo. Na kabla ya kulipa tuma picha ya namba hiyo pamoja na hati kwa ofisi itakayokusajilia huko unakohamia. Mimi ofisa wa huko alinitumia barua pepe akiomba picha hiyo hiyo wiki mbili kabla, nikaona ananisumbua, nikamtumia ya kibati.

Jina lake siliandiki hapa, polisi wamenishauri hivyo wakati uchunguzi unaendelea. Lakini kama kuna mtu humu ameshikishwa bahasha na mzee wa ovaroli, akasomewa namba herufi moja moja, na pesa ameituma ndani ya siku hizi chache, piga simu benki yako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma wanayosema wengine, uwaombe wasimamishe malipo. Yangu ya pili ilikuwa na siku tatu tu nilipotoa taarifa. Waliniambia kama ningepiga siku ileile wangeweza kujaribu kuizuia.