Mawakili wa bure wa Tororo: nilivyohudumiwa, na pale panapohitaji kurekebishwa

Wanawake wa hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, wakija kula kibandani kwangu huniuliza swali moja: wale mawakili wa Tororo ni bure kweli, au mwishoni wanakudai? Ni bure. Sikutoa shilingi ya wakili, wala ya kufungua faili, wala ya barua walizoniandikia, na barua zilikuwa nyingi. Kilichotoka mfukoni mwangu ni nauli ya taksi, pesa ya fotokopi, na hasara ya siku ambazo sufuria hazikupanda jikoni. Jina la ofisi siliandiki hapa kwa sababu shauri langu la matunzo ya watoto bado liko mahakamani na wakili ameniomba nisilianike. Lakini kazi yao nimeiona kwa macho yangu, na wanawake wenzangu wana haki ya kujua wanachoweza kupata pale.

Mimi napikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Niliolewa kimila, bila kanisa wala cheti. Kipigo nilifundishwa tangu usichana kwamba mke huvumilia, na nilivumilia miaka. Kilichonipeleka Tororo ni asubuhi niliyokuta mume wangu amechukua simu yangu usiku na kuhamisha pesa yote, karo ya watoto na mtaji wa unga na maharage. Jirani yangu, ambaye aliwahi kusaidiwa na ofisi hiyo, akaniambia niende wakati bado niko ndani ya nyumba, kabla sijafukuzwa. Ushauri huo naurudia kwa kila anayeniuliza, na sababu yake nitaieleza.

Wa kwanza kukupokea ni msaidizi wa sheria. Wangu alikuwa kijana mpole, akaniuliza kipato changu kwanza, kwa kuwa huduma ni ya wasioweza kumlipa wakili. Kisha akauliza mambo ambayo sikuyategemea: leo usiku utalala wapi, watoto wako na nani saa hii, nyumbani kuna panga, je, mumeo anajua uko hapa? Aliandika majibu yote bila kuniharakisha. Ndipo nikaingia kwa wakili, mwanamke ambaye kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho. Nilidhani ataanza kunisomea sheria. Badala yake akaweka kalamu chini akasema, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilikaa kimya kidogo. Wazazi wangu, wakwe zangu, mchungaji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), wote walikuwa wamekwisha kuniambia ninachopaswa kutaka. Nikamjibu: kipigo kiishe, watoto wasome, kiwanja tulichonunua kisiuzwe. Neno la kuachana sikulitamka, nililiogopa. Yeye hakulitamka pia. Aliandika matatu hayo kama nilivyoyasema, na kazi yote iliyofuata ilijengwa juu yake. Nampa heshima kubwa kwa hilo, maana nimesikia ofisi nyingine ambako mwanamke akiingia tu anasukumwa, ama arudi akapatane, ama afungue talaka, kabla hajamaliza kusimulia.

Tulizungumza Kiswahili. Lugha yangu ni Kidhopadhola, Kiswahili ndicho cha kazini kwangu, na Kiingereza niliacha shule kabla hakijaniingia vizuri. Karatasi za mahakama ni za Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Wakili alinisomea kila kipande kwa Kiswahili kabla sijatia saini, na mahali pamoja nilimwambia, "Sivyo nilivyosema," akakata akaandika upya.

Alinieleza kwamba Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010. Nilidhani sheria hiyo ni ya kupigwa tu. Kumbe inagusa pia matusi ya kila siku, vitisho, kulazimishwa kitandani, na kunyang'anywa au kunyimwa pesa. Kumbe ile pesa iliyohamishwa usiku kwa simu yangu ni kosa chini ya sheria hiyo! Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 2. Na haiangalii cheti: hata ambao wanaishi pamoja bila ndoa inawahusu, hata mfanyakazi wa nyumbani. Chini ya sheria hiyo hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, na kama hatari iko karibu anatoa ya muda kwanza, huku shauri likiendelea. Yangu inamkataza mume wangu kunigusa, kunitisha, na kuja kibandani kudai mauzo. Karatasi yenye muhuri nimeitia plastiki. Nakala moja iko kwa mwenyekiti, nyingine polisi.

Polisi ndiko nilikosumbuka. Ili daktari aandike majeraha yako unahitaji Fomu 3 ya polisi, na fomu hiyo ni bure. Kwenye kituo kimoja, ambacho sikitaji, niliambiwa nitoe pesa ya karatasi, kisha pesa ya mafuta ya pikipiki wakamtafute mume. Nikampigia msaidizi wa sheria, akaomba aongee na askari. Sijui waliambiana nini. Nilipelekwa kwa afisa wa kitengo cha familia na watoto, mama mmoja mtu mzima, akaijaza fomu pale pale na kunielekeza kituo cha afya. Kwa hiyo dada, ukidaiwa pesa ya fomu, usilipe na usirudi nyumbani. Piga simu ofisini.

Sasa niseme habari ya ng'ombe wa mahari, kwa sababu kwetu Padhola ndiyo inayowafunga wanawake wengi, na ndipo nilipoona ubingwa wa wakili huyu.

Barua ya kwanza ilipomfikia mume wangu, alijibu kwamba mimi si mke wake, tulikuwa tunaishi tu. Jibu hilo lilikuwa na hesabu. Sheria ya Uganda haihesabu kuishi pamoja kuwa ndoa, hata mkikaa miaka ishirini, na mwanamke asiye na ndoa hutoka na mzigo mkubwa wa kuthibitisha alichochangia kwenye mali. Watoto wanabaki na haki yao ya matunzo kwa vyovyote, lakini kiwanja ningekipigania kwa shida. Wakati huo huo kaka yake mkubwa alikwenda kwa baba yangu mzazi na ujumbe mwingine kabisa: kama binti yako anataka kuondoka aondoke, ila ng'ombe wetu warudi kwanza. Baba yangu ni mzee, ng'ombe wale waliishia kwenye ada ya kaka zangu zamani. Alinipigia usiku akaniambia, "Mwanangu, rudi tu, mimi nitawatoa wapi?"

Wakili akawaita ofisini wote wawili, baba na shemeji. Mume hakuwekwa chumba kimoja nami. Wakili alisema palipo na kipigo mtu haketishwi mezani na anayempiga mpaka amri ya ulinzi iwepo na yeye mwenyewe aridhie. Shemeji alikuja na daftari la shule, limekunjamana, ambamo ukoo wao uliandika mahari siku ile: ng'ombe watano, mbuzi, gomesi ya mama, kanzu ya baba, kandili, sukari, sabuni, na chini majina ya wazee wa pande zote mbili na saini zao. Alilifungua mezani kwa fahari. Wakili akamwuliza kwa adabu, mzee, siku hii ilikuwa ya nini? Akajibu, ya kumwoa huyu. Na hawa walioandikwa hapa? Akawataja mmoja mmoja, nani wa ukoo gani, nani ameshafariki. Na baada ya hapo mkamchukua? Tukamchukua, akasema, ni mke wetu halali.

Wakili akaomba ruhusa ya kupiga fotokopi ukurasa ule. Daftari lililoletwa kudai ng'ombe ndilo likawa ushahidi wangu kwamba ndoa ya kimila ilikuwepo. Mume wangu hajarudia tena kusema tuliishi tu.

Kuhusu ng'ombe wenyewe, aliwaeleza wazee wote wawili kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilipelekwa na shirika la MIFUMI, ambalo ni la hapa hapa Tororo. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku, na wakili alilisema hilo waziwazi ili wazee wasidhani wanatukanwa mila yao. Kilichokatazwa ni kumfanya mwanamke rehani mpaka baba yake apate mifugo. Baba yangu aliomba arudiwe maelezo hayo kwa Kidhopadhola, neno kwa neno, akarudiwa. Shemeji alibisha, akasema mahakama ya Kampala haijui mambo ya ukoo. Akaambiwa ana haki ya kwenda kumwuliza wakili wake mwenyewe. Alikwenda, na dai la ng'ombe halijarudi kwa baba yangu mpaka leo.

Turudi kwenye kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inasema ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa chakula haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Chetu hakina hati ya serikali, kina karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa LC1, kama viwanja vingi vya huku. Wakili alimwandikia mwenyekiti barua kumkumbusha kwamba akigonga muhuri kwenye mauzo ya siri anajiingiza kwenye kesi. Fotokopi ya karatasi ya mauziano nilikuwa nayo kwa sababu bado nilikuwa nakaa nyumbani nilipoambiwa niitafute.

Na hapo ndipo penye sababu ya kuwaambia nendeni mapema. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja kutoka upande wa Nagongera ambaye alikimbia na nguo alizovaa. Aliporudi, shamba lilikuwa limeuzwa na mnunuzi ameshalima. Walimchukulia kesi, ndiyo, lakini sasa anashindana na mume na mnunuzi pamoja, hana karatasi hata moja, na mashahidi wake wanaogopa. Wakili ni yule yule, sheria ni ile ile.

Nina malalamiko pia. La kwanza ni faragha. Chumba cha mahojiano kimetenganishwa na benchi kwa pazia. Nilisikia habari za mwenzangu ambazo hakuwa ameniambia mimi, na nina hakika yangu yalisikika. Mwanamke wa Malaba akijua kwamba jirani yake anaweza kuwa nyuma ya pazia, hatasema la kitandani, na pengine hilo ndilo lililomleta. Hili si jambo la kungoja mfadhili, mbao na mlango vinatosha.

La pili, wakili wangu alihamishwa katikati ya shauri. Aliyekuja ni mzuri, lakini ilinibidi nianze kusimulia upya, na kusimulia kunachosha kuliko kupika kwa malori mia. Faili iandikwe vizuri ili anayefuata asome. La tatu, simu yao saa za mchana mara nyingi haipokelewi. Mimi nilikuwa na namba ya msaidizi wa sheria. Asiye nayo afanyeje? Kuahirishwa kwa kesi siwalaumu, hiyo ni mahakama. Wala hawana mahali pa kukulaza. Mimi na watoto tulijibanza kwa dada yangu, na anayekuja bila ndugu aulize mapema waelekeze kwenye makazi ya muda.

Ningewapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku pazia litakapokuwa ukuta.

Ukienda, beba kitambulisho cha taifa, vyeti au kadi za kuzaliwa za watoto, karatasi yoyote ya mali hata kama ni fotokopi, picha za majeraha, na jina la mtu aliyekuwepo siku ya mahari. Ujumbe wa vitisho kwenye simu usiufute. Jumatatu ni foleni ya kutisha. Katikati ya wiki ni nafuu. Ukiwa mbali na Tororo, kuna FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichoanza mwaka 1974. Ndicho kilichokwenda mahakamani mpaka mwaka 2004 ikaamuliwa kwamba mke na mume waombe talaka kwa sababu zile zile, maana kabla ya hapo uzinzi wa mume peke yake haukutosha. Kuna pia vituo vya Justice Centres vilivyo chini ya mahakama, na mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha wanasheria wa Uganda. Usipoweza kutoka nyumbani kabisa, piga 116, ile simu ya msaada ya wizara ya jinsia iitwayo Sauti. Hailipishwi, hata simu ikiwa haina salio.