Kabla Hujanunua Santuri ya Piano, Tazama Tundu

Mwezi wa tatu nilifungua kifurushi nilichokingoja wiki saba. Ndani mlikuwa na Night Train ya Oscar Peterson Trio, kundi la jazz la mpiga piano Oscar Peterson, toleo la zamani, jalada halina hata kona iliyobonyea, na santuri yenyewe inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Muuzaji alikuwa ameipa alama ya NM, yaani karibu na mpya, nami nikalipa bei ya NM. Upande wa kwanza niliusikiliza nimesimama, natabasamu peke yangu. Nikageuza. Ulipofika wimbo wa mwisho, "Hymn to Freedom", ule ambao Peterson anauanza taratibu kama mtu anayesali, piano ikaanza kupepesuka. Kila noti ndefu ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, kama kaseti ndani ya redio ambayo betri zake zinakwisha.

Nilishuku mashine. Nikanunua mkanda mpya wa kuzungushia sahani, haikusaidia. Nikamwita fundi. Alikaa nayo nusu saa, akaniambia: "Mama, mashine yako haina ugonjwa. Inama utazame mkono." Nikainama. Kichwa cha sindano kilikuwa kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, kila mzunguko, bila kukosa. Tundu la katikati lilikuwa limetobolewa pembeni.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba mikwaruzo hakuna, kwa hiyo alama aliyotoa ni sahihi, na fedha hazirudi. Nilipowasimulia wenzangu tunaokusanya santuri za jazz, karibu kila mmoja alikuwa na yake kabatini iliyokwenda upogo namna hiyo, ila wengi walidhani ni mashine zao au masikio yao. Ndiyo maana nimeamua kuandika mwongozo huu, na nimezipanga santuri kwa jambo hilo moja. Habari za uzito wa gramu 180, mono au stereo, na karatasi ya ndani mtazipata kwa wengine.

Kwanza, kwa nini piano? Mwimbaji huipinda sauti yake makusudi. Mpiga saksafoni vilevile, na mpiga fidla ndiyo usiseme. Wao wakiyumba kidogo, sikio linadhani ni madoido. Piano haipindi. Nyundo ikishagonga waya, noti ile inabaki palepale hadi ife. Ikiyumba, aliyeiyumbisha ni santuri. Na kundi la watu watatu, piano, besi na ngoma, halina pa kujificha. Hakuna tarumbeta nne za kufunika aibu.

Hesabu yake ni rahisi. Santuri ya kasi ya 33⅓, yaani mizunguko 33⅓ kwa dakika, huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Karibu na lebo, mfereji unaobeba sauti uko kama milimita 60 kutoka katikati. Tundu likikosea kwa milimita 1 tu, kasi pale inapanda kwa asilimia 1.7 na kushuka kwa kiasi hichohicho kila mzunguko. Kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, tofauti inazidi nusu ya hatua kati ya funguo mbili zinazopakana kwenye piano. Ukingoni mwa santuri, ambako mfereji uko milimita 145 hivi kutoka katikati, kosa lilelile halifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo wimbo wa kwanza unaweza kukudanganya. Wimbo wa mwisho wa kila upande ndio unaosema kweli, na watayarishaji wa zamani walipenda kuweka nyimbo za taratibu hapohapo mwishoni.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo. Kind of Blue ya Miles Davis, ambayo piano yake karibu yote ni ya Bill Evans, kwa zaidi ya miaka 30 iliuzwa ikiwa na nyimbo za upande wa kwanza zinazokwenda kasi kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kurekodia ilizunguka polepole siku ile. Ilisahihishwa 1992. Mamilioni ya watu waliisikiliza na kuipenda bila kugundua. Sikio huvumilia kasi iliyozidi, maadamu imetulia. Kasi inayobadilika hulitesa.

Jinsi ya kupima: weka sindano kwenye wimbo wa mwisho, kisha tazama mkono ukiwa mbele ya mashine, macho yako yakiwa usawa wa sahani. Mkono unaopanda na kushuka maana yake santuri imepinda, na hilo mara nyingi sikio halilisikii. Mkono unaokwenda kushoto na kulia ndio ugonjwa wenyewe. Msipime kwa lebo, maana lebo nayo inaweza kubandikwa upande huku tundu liko sawa. Wala msidhani mashine ya bei kubwa itawaponya. Nakamichi wa Japani walitengeneza miaka ya 1980 mashine iitwayo TX-1000, iliyopima upogo wa kila santuri na kuisogeza sahani hadi ikae katikati. Walijua tatizo lilikuwa wapi. Mashine hiyo leo bei yake ni ya gari.

Sasa tupange.

Ninayoiweka juu kabisa ni We Get Requests, pia ya Oscar Peterson Trio, iliyorekodiwa 1964, Ray Brown kwenye besi na Ed Thigpen kwenye ngoma. Nunueni toleo la Verve Acoustic Sounds, lililochapwa Quality Record Pressings, kiwanda cha Salina, Kansas. Nasema wazi kwamba nakipendelea kiwanda hiki na sioni haya. Nina santuri nane kutoka kwao, na nane zote nimezipima kwa kuinama kama alivyonifundisha fundi. Mkono unakwenda kama maji ya mtungini. Kwenye santuri hii fungueni upande wa pili na "You Look Good to Me". Ray Brown anaanza kwa kuisugua besi kwa upinde, noti ndefu, nzito, kisha piano inaingia juu yake kwa vidole vyepesi. Besi ya upinde na piano pamoja ni mtihani mkubwa, kwa kuwa tundu likiwa pembeni vyote viwili vinayumba kwa mpigo mmoja na tumbo linakuvuruga kama uko chomboni. Hapa hakuna hata dalili. Bei yake karibu dola 40 kabla ya usafiri, na kwa santuri hii sitalalamika.

Ya pili ni Waltz for Debby ya Bill Evans Trio, na dada yake Sunday at the Village Vanguard. Zote mbili zilirekodiwa siku moja, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, kwenye ukumbi mdogo wa chini ya ardhi New York. Bilauri zinagongana, watu wanazungumza, na Scott LaFaro anaipiga besi kama anajibizana na piano badala ya kuibeba. Siku 11 baadaye alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Mimi siwezi kusikiliza "My Foolish Heart" nikiwa nafanya kazi nyingine. Evans anaziacha noti zining'inie hadi mpiga ngoma Paul Motian azipanguse kwa brashi zake. Noti zinazoning'inia namna ile ndizo zinazoumizwa na upogo kuliko zote, basi hapa msinunue kwa kubahatisha. Chapa za kwanza za kampuni ya Riverside zina bei ya kutisha, na umri hautibu tundu. Nilizoziona mimi za miaka ya 1980, zenye jina la Original Jazz Classics, nyingi zilikuwa sawa na zilinipa raha bila kunifilisi. Mfululizo huo umefufuliwa na kampuni ya Craft Recordings mwaka 2023, fundi Kevin Gray akikata mifereji ya santuri kutoka kwenye kanda za awali. Ukiona Bill Evans yeyote ndani ya mfululizo huo, chukua, lakini pima siku hiyohiyo ifikapo.

Kwa wenye uwezo, yako matoleo ya santuri mbili za kasi ya 45. Watu huyasifia kwa uwazi wa sauti. Mimi nayasifia kwa jambo jingine: muziki umegawanywa pande nne, kwa hiyo kila upande ni mfupi na sindano haihitaji kwenda karibu sana na lebo, mahali upogo unapouma. Usumbufu wa kunyanyuka kila dakika 10 naukubali.

Night Train naiweka ya tatu, na moyo wangu haukutaka. Ilirekodiwa Desemba 1962 huko Los Angeles, na kwa uchangamfu hakuna inayoipita. "C Jam Blues" inaingia nyumbani kama mgeni mwenye habari njema. Lakini "Hymn to Freedom", ambao uliimbwa katika harakati za haki za watu weusi Marekani, umekaa palepale mwisho wa upande wa pili, karibu kabisa na lebo. Hakuna wimbo uliowekwa mahali pabaya zaidi kwa santuri yenye kasoro hii. Ukiinunua iliyotumika, dai usikilizishwe mwisho wa upande wa pili kabla hujatoa hata senti.

Ya nne itawashangaza wanaojua mapenzi yangu kwake: At the Pershing: But Not for Me ya Ahmad Jamal, Chicago, Januari 1958, Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye ngoma. Kimuziki ningeiweka popote. "Poinciana" inazidi dakika 7, na mdundo wa Fournier ndani yake hauchoshi hata ukirudiwa mara tano asubuhi moja. Nimeishusha kwa kuwa hatari yake ni ndogo, na mwongozo huu ni wa hatari. Jamal anapiga kidogo, ananyamaza, anagonga tena. Noti zake ni fupi, na katikati yake kuna hewa. Santuri iliyokosea kidogo haisikiki sana kwake, isipokuwa kwenye "What's New" mwishoni. Hii basi ndiyo ya kununua iliyotumika, hata kwa muuzaji asiyejibu maswali.

Money Jungle ya Duke Ellington, Charles Mingus na Max Roach, ya 1962, ni hivyohivyo. Ellington anaigonga piano kama ngoma ya tatu. Upogo utausikia kwenye nyimbo laini tu, kama "Fleurette Africaine".

Mbali na hizo tano kuna mbili ambazo mwenye Kiswahili hana budi kuzitafuta. Moja ni Duke Ellington Presents the Dollar Brand Trio. Dollar Brand ndiye mpiga piano Abdullah Ibrahim wa Cape Town. Alirekodi Paris Februari 1963, akiwa na Johnny Gertze na Makaya Ntshoko, baada ya mwimbaji Sathima Bea Benjamin kumshawishi Ellington aende kuwasikiliza kwenye klabu moja ya Zürich. Nyingine si kundi la watatu, ni bendi kubwa: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, ya Novemba 1960, maneno yakiwa ya mshairi Langston Hughes na mpangilio wa Melba Liston. Mwanzoni kabisa unamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisoma kwa Kiswahili, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Afrika Kusini ya ubaguzi iliipiga marufuku. Kwa santuri hiyo nitavumilia upogo wowote.

Za bei rahisi, za dola 15 na kurudi chini: nyingi hutoka Ulaya, ambako rekodi zilizotolewa 1962 na kabla yake hazilindwi tena na hakimiliki, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapa, mara nyingi kutoka kwenye CD. Katika nne nilizowahi kununua, tatu zilikwenda upogo. Sina la kuongeza.

Lililobaki kifuani ni wauzaji. Alama za NM na VG+ (nzuri sana na zaidi, chini kidogo ya NM) hutolewa kwa macho, chini ya taa, kwa kutafuta mikwaruzo. Mtu anapiga picha sita za jalada, moja ya lebo, na sindano haishushi hata mara moja. Kisha anaandika kwamba hali ni bora kabisa. Anajuaje? Na sisi tulio mbali ndio tunaoumia zaidi. Santuri ya dola 25 inakatiwa usafiri wa dola 30, inafika, inalipiwa ushuru, na ikiwa na kasoro, kuirudisha kunagharimu kuliko kuisamehe. Wauzaji wanalijua hilo. Nimeomba mara mbili kifurushi kipitie kwa binamu yangu aliyeko Minneapolis ili aipime kabla ya kuituma huku, na mara moja kati ya hizo ameirudisha dukani palepale. Wasio na binamu wafanyeje?

Ujumbe wangu siku hizi kabla ya kulipa ni huu, unakilini kama ulivyo: "Tafadhali cheza wimbo wa mwisho wa kila upande, upige video ya sekunde 20 inayoonyesha kichwa cha sindano, unitumie. Mkono ukienda kushoto na kulia, niambie ni kwa milimita ngapi." Tangu Aprili nimeutuma kwa wauzaji 11. Wanne wamejibu, na santuri zao nne ndizo nilizonunua.