Kamera ya kupigia picha viumbe wadogo chini ya maji: ununue ipi ukiwa Unguja au Pemba

Anayezamia Mnemba kwa ajili ya kasa na makundi ya samaki atafaa na karibu kamera yoyote isiyoingiza maji. Konokono wa baharini asiye na gamba, mwenye urefu wa sentimita 2, au kakamba anayejificha ndani ya anemoni (kiumbe wa baharini mwenye minyiri kama ua), ni kazi nyingine kabisa. Hapo wingi wa megapikseli hauna msaada. Uliza mambo mawili tu: kamera inaweza kusogea karibu kiasi gani bila picha kufifia, na mwanga utatoka wapi. Tumezipanga kwa vigezo hivyo na kwa fedha inayotoka mfukoni.

1. OM System TG-7, au TG-6 ya mkono wa pili

Kwa wengi jibu ni hili. Mpangilio wake wa maikroskopu unashika kitu kilicho sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, bila kununua lenzi ya ziada. TG-6 ilitoka 2019 na TG-7 ikafuata 2023. Tofauti ni ndogo, na kasha la kuzuia maji liitwalo PT-059 linazichukua zote mbili. TG-7 ilipotoka iliuzwa dola 550 hivi Marekani, bila kasha.

Kasha ni lazima. Kamera yenyewe inastahimili mita 15, kina ambacho mzamiaji wa Mnemba, au wa Njao kule Pemba, anakipita mara kwa mara. Ndani ya PT-059 inafika mita 45. Hata pasipofika mita 15, usiitegemee peke yake: ina milango miwili, na chembe moja ya mchanga kwenye mpira wa mlango inatosha kuiua.

Udhaifu wake ni kihisio kidogo, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga. Ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), picha inajaa vidoti, kwa hiyo ibaki chini ya 400 na mwanga uulete wewe. Tena, ukiwa karibu kiasi hicho, kamera inamtia kiumbe kivulini. Kuweka tochi juu ya lenzi hakutoshi; ilete kutoka ubavuni.

2. Kamera ndogo yenye kihisio cha inchi 1, kama Sony RX100

Picha ni safi zaidi na unaweza kuichapisha kubwa. Lakini ukivuta zumu, kamera hizi hukataa kushika kitu kilicho karibu, hivyo lazima ununue lenzi ya kufungwa nje ya kasha, yenye nguvu ya +10 hivi na uzi wa milimita 67. Kwa lenzi ya +10 unafanya kazi kwa umbali usiozidi sentimita 10, nafasi nzuri ya kuingiza mwanga na kutomtisha kamba. Hesabu kamera, kasha na lenzi kwa pamoja kabla ya kushawishika na bei ya kamera. Na makasha mengi hutengenezwa kwa matoleo maalumu. Usinunue kasha la RX100 VII kwa kamera ya V kabla ya kuhakikisha linaifaa.

3. Kamera ya kubadilisha lenzi, na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu)

Hakuna inayoishinda kwa ubora. Lenzi ya Olympus ya milimita 60, kwa mfano, humchukua kiumbe kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisio. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya kasha, ambalo mara nyingi linaizidi kamera bei, na kwa sababu ya uzito. Kwa boti ndogo ya Pemba, yenye mitungi imejaa kila upande, mzigo huo ni adha. Inamfaa anayeuza picha zake.

4. GoPro

Ni ya video za mandhari. Haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 30 hivi. Ukiifunga lenzi ya +15, inashika kwenye sentimita 6 au 7 tu, na kwa kuwa haina fokasi ya kurekebisha, wewe ndiye unayesogea mbele na nyuma ukibahatisha. Haina flashi pia.

5. Simu ndani ya kasha

Ya mwisho. Kioo hakisikii kidole kikilowa, na kasha likivuja umepoteza simu na namba zilizohifadhiwa ndani. Mifuko ya plastiki ya kuning'iniza shingoni ni ya kuogelea juu.

Kabla ya kupanda daraja la kamera, nunua mwanga. Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza. Kufika mita 10 kakamba mwekundu anaonekana kijivu. Kwa TG, tochi pana ya lumeni 1,000 inatosha kuanzia, ikiwa juu ya mkono unaopinda. Ukiielekeza sambamba na lenzi, vumbi lote la majini linang'aa na picha inaonekana kama imenyeshewa theluji. Flashi ya nje, inayowashwa kwa waya wa faiba kutoka flashi ya kamera, ni bora zaidi kwa sababu inagandisha mtikisiko. Tochi yenye taa nyekundu ni faida: viumbe wengi hawaikimbii.

Makasha mengi hufa kwa oringi, ule mpira wa mviringo. Utoe kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu. Ufute, kisha upake grisi kiasi cha punje ya mchele, ile iliyotolewa na mtengenezaji. Vaselini huharibu mpira, na grisi nyingi hukusanya mchanga. Funga kasha ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ukiweka kipakiti cha silika. Ukilifunga botini, unafungia unyevu, na kioo kitaingia ukungu ukishafika chini. Ukitoka, loweka kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) nusu saa huku ukibonyeza vitufe vyote. Angalia maji hayo: visima vingi vya pwani vina chumvi, nawe utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Ukinunua kilichotumika, iwe Darajani au Kariakoo, lete tochi uangalie mfereji wa oringi: mkwaruzo mmoja unaovuka mfereji ni sababu ya kuondoka. Fungua mlango wa betri utafute kutu ya kijani. Mara ya kwanza teremsha kasha tupu, ukiwa umeweka karatasi ya tishu ndani, mpaka mita 20. Likirudi kavu, tia kamera, na uchague siku za maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo, yaani tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi wa kalenda ya Kiislamu, maana mkondo mkali wa bamvua haukupi sekunde mbili za kutulia mbele ya kitu cha sentimita moja.