Masaji ya Kiswidi ya dakika 60: kinachofanyika kitandani na pale inapoharibika

Nililipa shilingi 80,000 kwa dakika 60 kwenye spa ya hoteli moja Masaki, Dar es Salaam. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua nitaieleza chini, maana ni kasoro inayojirudia kwenye spa nyingi na inazuilika kwa sentensi moja.

Kwanza jina. Wengi huagiza "Swidishi" wakidhani ni masaji laini, na "dip tishu" ni ile ya kuumizwa. Sivyo. Masaji ya Kiswidi ni mpangilio: namna tano za kutumia mikono, kwa mafuta, mwili mzima, kila namna na zamu yake. Nguvu unachagua wewe. Jina linahusishwa na Per Henrik Ling, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyeanzisha chuo Stockholm mwaka 1813, ingawa anayetajwa kuzipanga namna hizo kama zilivyo leo ni daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger. Waswidi wenyewe huiita masaji ya klasiki.

Kama umezoea kuchuliwa mtaani kwa mafuta ya nazi ukiteguka, jua kwamba hii ni kazi nyingine. Mchuaji anafuata palipoumia. Mkandaji wa spa anatakiwa kupakwepa mahali palipoteguka juzi na bado pamevimba.

Fika dakika 15 kabla, ujaze fomu bila haraka. Wanauliza presha, ujauzito, upasuaji, dawa za kuzuia damu kuganda, na mzio. Hilo la mwisho wengi hulipita, wakati mafuta ya lozi ni ya kawaida sana spa. Mwenye mzio wa jamii hiyo aombe aoneshwe chupa. Mguu mmoja ukiwa umevimba, unauma na una joto, hasa baada ya safari ndefu ya basi au ndege, usipande kitandani, nenda hospitali. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuusukuma mguu huo kunaweza kung'oa bonge likaenda mapafuni. Homa, majipu, fangasi na vidonda vibichi: ahirisha. Mjamzito aseme mapema ili alazwe ubavu.

Usinyoe miguu siku hiyo, mafuta yatakuwasha. Chakula kizito kiwe kimepita saa moja na nusu angalau, kwa sababu nusu ya kwanza unalalia tumbo. Wigi vua. Mwenye rasta au nywele zilizotoka saluni jana aseme mapema kama kichwa kisiguswe, la sivyo mafuta yatafika huko.

Mkandaji anatoka chumbani, unavua, unalala kifudifudi chini ya shuka, uso kwenye tundu la kitanda. Chupi unabaki nayo, au unapewa ya kutupa. Mto wa mviringo unawekwa chini ya vifundo vya miguu ili kiuno kisivutwe. Kinachofunuliwa ni sehemu inayokandwa peke yake, ikimalizika inafunikwa. Sehemu za siri na matiti haviguswi. Ukisikia habari za "huduma ya ziada", sema imetosha, vaa nguo, utoke.

Sasa mgongo, ambao ndio moyo wa kazi na huchukua dakika 20 hadi 25. Unaanza na kupapasa kwa marefu: viganja viwili bapa kutoka kiunoni kwenda mabegani, pande mbili za uti wa mgongo, kisha vinarudi ubavuni kwa wepesi. Nguvu iko kwenye safari ya kuelekea moyoni, kurudi ni kuteleza tu. Miguuni utaona ni vilevile, kifundo hadi paja, kwa kuwa mishipa inayorudisha damu ina vali zinazofunguka upande mmoja. Mkandaji anayebonyeza kwa nguvu kurudi chini hakufundishwa vizuri. Mizunguko hii mitano au sita ya mwanzo inapasha misuli joto na kumwonesha palipokaza. Akiiruka ili aanze na gumba, utaumia na hutalegea.

Ndipo kukanda kwenyewe: nyama inainuliwa kutoka kwenye mfupa, inabanwa kati ya gumba na vidole, inapokezanwa mkono kwa mkono. Mabega na ubavu wa kiuno hufaidi zaidi. Ya tatu ni kusugua kwa gumba, vizunguko vidogo kandokando ya uti wa mgongo na ukingoni mwa bapa la bega, palipo na mafundo. Hapa gumba halitakiwi kuteleza juu ya ngozi. Ngozi iende pamoja na gumba, msuguano utokee chini yake.

Na hapa ndipo nyota yangu ilipopotea. Mkandaji alimwaga mafuta mengi mwanzoni, gumba likawa linateleza kila linapofika kwenye fundo. Akafidia kwa kubonyeza zaidi, ikawa kuumia bila kufunguka. Dawa yake ni ndogo: "Dada, pangusa mafuta kidogo hapo begani kwanza." Taulo kavu, sekunde tano, kazi inaendelea. Mafuta yanatakiwa kumiminwa kiganjani yapate joto, kijiko kimoja cha chai hivi kwa mgongo mzima, kisha anaongeza akihitaji. Yakimiminwa moja kwa moja mgongoni yakiwa ya baridi, misuli inashtuka na kukaza.

Kuhusu nguvu, tumia hesabu ya kumi. Tano au sita ni maumivu matamu, yale ya "hapo hapo". Ukijikuta umekaza taya au umebana pumzi umeshafika saba, na msuli unapigana naye. Sema "punguza kidogo". Wengi wetu tunanyamaza kwa heshima, halafu tunaenda kulalamika kwa mtu wa mapokezi. Gumba wala kiwiko havitakiwi kukanyaga juu ya mifupa ya uti wa mgongo, na nyuma ya goti hupitwa kwa wepesi sana kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu iko karibu na ngozi.

Ya nne ni kuchapachapa, kwa kingo za viganja au viganja vilivyokunjwa kama kikombe. Sauti kubwa, muda mfupi, mapajani na mabegani. Kwenye figo hapana. Spa nyingi siku hizi huiacha, na sioni hasara. Ya tano ni kutetemesha, sekunde chache za kumalizia sehemu.

Upande wa nyuma wa miguu dakika kumi hivi, kisha shuka linainuliwa ugeuke na mto unahamia chini ya magoti. Upande wa mbele wa miguu na mikono huenda haraka. Tumbo huachwa mara nyingi. Likikandwa liwe kwa kufuata mishale ya saa, njia ya utumbo mpana. Dakika za mwisho ni za shingo, na hizi ndizo huliwa muda ukiisha. Anayeshinda kwenye kompyuta aseme kabla: "Ongeza shingo na mabega, punguza miguu." Uliza pia kama dakika 60 zinahesabiwa kutoka mapokezi au kutoka mkono unapogusa mgongo. Kwangu zilikuwa 55 za mikono, sawa tu.

Kiyoyozi kikipiga mwili wenye mafuta, baridi yake ni kali kuliko unavyotarajia. Omba kizimwe au shuka la pili, mtu anayetetemeka halegei. Kukoroma na tumbo kunguruma wamezoea.

Ikiisha usiruke. Geukia ubavu, kaa dakika moja miguu ikining'inia, maana presha hushuka na kizunguzungu ni cha kawaida. Utaambiwa unywe maji mengi "kutoa sumu". Kunywa kwa kuwa una kiu, sumu ni kazi ya ini na figo. Kuuma kama baada ya mazoezi kwa siku moja au mbili ni sawa. Ngozi ikivilia damu, nguvu ilizidi.

Njoo na fulana nyeusi, kwa sababu mafuta hayatoki kwenye shati jeupe. Na ukiamua kuoga hapohapo, vaa kandambili: nyayo zina mafuta, na vigae vya bafu lao vinateleza.