Uzamili wa uuguzi kwa njia ya mtandao: darasa safi, mafunzo ya vitendo ujitafutie

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda. Programu hii ya uzamili wa uuguzi, niliyoimaliza huku nikiendelea na kazi, naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa upande wa darasa pekee wangechukua zote tano. Kwenye mafunzo ya vitendo, nikiwa na huruma, nawapa moja. Jina la chuo silitaji. Wauguzi wenzangu waliosoma kwingine wana kilio hikihiki, na nikikitaja utakimbilia cha jirani ukidhani umepona.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, nina leseni na shahada ya kwanza, na zamu za usiku nimezizoea kuliko usingizi. Nilitaka kupanda bila kumwacha mgonjwa. Katika kazi yetu hilo ni gumu, kwa sababu mara nyingi ukipandishwa cheo unapewa ofisi, unapanga zamu za wenzako na kushinda vikaoni, na mgonjwa unabaki kumsoma kwenye ripoti. Muuguzi mbobezi ana njia tofauti: anabaki kliniki au wodini, lakini anachunguza, anatafsiri vipimo na, pale sheria inaporuhusu, anaandika dawa. Miongozo ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi ya mwaka 2020 inautaja uzamili kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa kazi hiyo. Ndiyo maana nikajisajili.

Programu ina michepuo mitatu: ubobezi wa kitabibu, ualimu wa uuguzi na uongozi. Mwenye stashahada hafungiwi mlango, anaanza na masomo ya kumfikisha kwenye kiwango cha shahada kisha anaunganisha moja kwa moja. Nilisoma na kadhaa wa njia hiyo. Mikono yao ilikuwa mizuri kuliko ya wengi wetu, ila uandishi wa kitaaluma uliwatesa, na chuo hakikuwapa msaada wowote zaidi ya kijitabu cha namna ya kupanga marejeo.

Sasa sifa zao. Masomo ya msingi kwa mchepuo wangu yalikuwa matatu: jinsi ugonjwa unavyovuruga mwili, famakolojia (elimu ya dawa), na uchunguzi wa mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Mhadhiri wa somo la kwanza ndiye mwalimu bora niliyewahi kukutana naye. Hakukubali jibu lisilo na sababu. Ukimwambia mgonjwa aliyetoka upasuaji anapumua haraka, atakuuliza kwa nini. Maumivu? Anavuja damu ndani? Nimonia? Bonge la damu limekwama kwenye mapafu? Utatofautishaje, na utaanza na kipimo gani? Kasi ya kupumua huweza kupanda mapema, wakati presha bado inaonekana nzuri, na ndiyo namba ambayo wengi wetu tunaikisia tukiwa tumechoka. Zamani nilimpigia daktari wa zamu nikamwambia, "Mgonjwa wa kitanda fulani anahema." Siku hizi nampigia nikiwa nimeshasikiliza mapafu, nimeangalia mguu kama umevimba upande mmoja, na nina pendekezo. Simu zenyewe zimekuwa fupi, na madaktari wamekuwa na adabu zaidi. Sijui kipi kilisababisha kingine.

Famakolojia yao haikuwa ya kukariri majina. Tulipewa mgonjwa mzee mwenye figo dhaifu na karatasi ya dawa nane, tukaambiwa tutafute ipi ipunguzwe, ipi iondolewe, na ipi inagombana na mwenzake. Uchunguzi wa mwili tulijirekodi video tukimpima ndugu au rafiki aliyekubali kuteseka, na mkufunzi alizitazama kweli, si za kuwekewa alama ya tiki tu. Ukiweka stetoskopu juu ya shati la mtu, video inarudi siku hiyohiyo. Hata takwimu, somo ambalo kila muuguzi analiogopa, lilifundishwa kwa kuchambua makala za utafiti kuhusu vidonda vya mgandamizo, vile vya kulala muda mrefu, na maambukizi ya hospitalini, vitu tunavyovishika kila siku.

Mradi wa mwisho nao uliniridhisha. Programu inakuruhusu kuchagua kati ya tasnifu na mradi wa kuboresha huduma. Nilichagua mradi, kuhusu mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye kibofu kutoa mkojo. Kila siku inayopita mpira ukiwa ndani, hatari ya maambukizi inaongezeka. Lakini wodini mpira hukaa kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuagiza utolewe. Niliandaa utaratibu unaompa muuguzi idhini ya kuutoa mwenyewe, masharti fulani yakitimia, bila kusubiri raundi ya asubuhi. Msimamizi wangu chuoni aliurudisha mara kwa mara hadi lugha ikanyooka. Utaratibu huo unatumika wodini kwetu.

Nikifika kwenye mafunzo ya vitendo, hapo ndipo nyota zilipodondokea. Mchepuo wa kitabibu unakudai mamia ya saa ukiwa chini ya msimamizi mwenye sifa, awe muuguzi mbobezi au daktari. Kwenye tangazo lao wameandika kwamba utafanya saa hizo "karibu na unapoishi", nami nikasoma hapo kwamba watanipangia. Nilipoandika barua kuuliza, nikajibiwa: "Ndugu mwanafunzi, kumpata msimamizi ni jukumu lako." Kwa hiyo mwanafunzi anayelipa ada kamili anageuka mwombaji, anabisha hodi kliniki moja hadi nyingine kumwomba mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni amfundishe bure. Wengi wanakataa, na siwalaumu.

Mimi nilimpata muuguzi mbobezi wa kliniki ya vidonda vya kisukari, mtu wa subira, na ujuzi wake ungetosha kuanzisha kozi. Kumbe kumpata yeye ilikuwa nusu tu. Lazima chuo na kliniki wasaini mkataba kabla ya mwanafunzi kugusa mgonjwa, kwa sababu ya bima na dhamana endapo jambo litaharibika. Mkataba wangu ulizunguka kati ya ofisi mbili za sheria muhula mzima. Ada ya muhula huo ilikatwa kama kawaida. Nilipolalamika, nikatumiwa fomu ya malalamiko, na fomu yenyewe ilikuwa haifunguki.

Kinachoniudhi ni kwamba fani hii ilizaliwa kwenye vitendo. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alipoanzisha uzamili wa uuguzi wa afya ya akili Chuo Kikuu cha Rutgers, hukohuko Marekani, mwaka 1954, wanafunzi wake walikuwa wakikaa na wagonjwa na kuandika mazungumzo yao ili wayapitie pamoja naye. Loretta Ford, muuguzi, na Henry Silver, daktari wa watoto, walipoanzisha kozi yao Colorado mwaka 1965, shabaha ilikuwa kumpa muuguzi uwezo wa yeye mwenyewe kumhudumia mtoto pale ambapo madaktari hawatoshi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwambia mwanafunzi akajitafutie mwalimu.

Michepuo mingine ya programu hii haikuguswa sana na tatizo hilo. Waliosoma ualimu walifanyia vitendo kwenye vyuo vyenye uhitaji mkubwa wa wakufunzi, wakapokelewa kwa mikono miwili. Wa uongozi walifanyia kwenye hospitali walizoajiriwa. Kama lengo lako ni moja kati ya hayo mawili, ongeza nyota moja kwenye hukumu yangu, jisajili. Kama ni kliniki unayoitaka, kwanza mpate msimamizi aliyekukubalia kwa maandishi, ndipo ulipe.

Jambo la leseni wafanyakazi wa udahili hulipita juujuu. Shahada ni kitu kimoja, ruhusa ya kufanya kazi ya ubobezi ni kitu kingine, na ruhusa inatolewa na mamlaka ya uuguzi ya mahali unapofanyia kazi. Kuna nchi ambako muuguzi mwenye mafunzo haya anaandika dawa kwa saini yake, na kuna nchi ambako uzamili uleule unakuongezea heshima na karatasi ya kuning'iniza ukutani. Uliza mamlaka yako swali hili kwa maandishi: je, ithibati ya programu hii inatambulika, na jina la mchepuo wangu linalingana na leseni ninayoitaka? Muuguzi wa mchepuo wa watu wazima hawezi kuja kuomba leseni ya kuhudumia watoto wachanga kwa sababu tu saa zake ni nyingi.

Anayefikiria kuhamia Marekani aangalie zaidi. Huko, tangu mwaka 2022, anayeanza kusomea uuguzi wa usingizi, yaani wa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, lazima aingie kwenye programu ya uzamivu, uzamili hautoshi tena. Uzamivu wa utendaji, ule wanaouita DNP, unadai angalau saa 1,000 za vitendo baada ya shahada ya kwanza. Saa za uzamili huweza kuhesabiwa humo, kwa hiyo daftari lako la saa lihifadhi lenye saini na mihuri. Mwenzangu mmoja aliliacha lake kwenye mfumo wa chuo pekee, chuo kikabadilisha mfumo, na sasa anawatafuta wasimamizi wake mmoja mmoja wamsainie upya.

Uzamivu wa utafiti ni safari nyingine. Huo unamfaa anayetaka kuuliza maswali mapya na kufundisha chuo kikuu, na hapo anayekusimamia ana uzito kuliko jina la chuo. Mimi sina mpango nao. Kliniki ya vidonda imenipa siku mbili kwa wiki, siku nyingine niko wodini, na kwa sasa natafuta mkufunzi wa kunifundisha kupima mishipa ya miguu kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kozi fupi ambayo chuo changu hakikuwa nayo.