Fundi umeme wa Mwanga anayepima kabla ya kufungua

Yupo Mwanga, mjini Kigoma, ukishaliacha soko kama unaelekea Ujiji. Hana bango. Utamjua kwa alteneta kuukuu zilizopangwa ukutani na betri za watu zinazochajiwa mlangoni. Ninamsifu huyu fundi umeme wa magari kwa jambo moja kubwa: hakwambii "nunua" kabla hajapima.

Gari langu ni Hilux ya dizeli, gia za mkono, nabebea dagaa kutoka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshushia. Wenye kazi hii wanajua, giza ndilo la mavuno. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi wanapumzika. Sasa gari likigoma wakati wa giza, mzigo wa watu unalala. Langu lilichagua giza. Nikizungusha ufunguo, "ka!" moja nzito chini ya boneti, halafu kimya. Taa za dashibodi zinang'aa, honi inalia. Narudia, "ka!" Narudia tena, linawaka kama halikuwa na tatizo lolote. Ikafika asubuhi likakataa kabisa, vijana wa mwaloni wakanisukuma, nikaachia klachi likawaka. Mwenye gari la otomatiki hana hata njia hiyo.

Duka moja la spea nililopitia kwanza waliniambia betri imekufa, ninunue nyingine. Boneti hawakuifungua. Betri ya gari la dizeli si hela ya mchezo, na mpaka leo jambo hilo linanikera.

Huyu wa Mwanga alianza kwa swali. "Mama, linalia mara moja au linalia mfululizo?" Nikamwambia mara moja. Akanieleza huku anatafuta mita yake: likilia ta-ta-ta-ta na taa zinafifia, mara nyingi betri imeisha nguvu, au vichwa vyake vimelegea na kushika ule unga mweupe. Likilia mara moja kwa kishindo na taa hazitikisiki, anaielekea stata, ile mota ya kuwashia injini. Lakini hakuishia kwenye kusikiliza. Alisema taa zinakula ampea chache tu, stata ya dizeli inataka zaidi ya mia, kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Akapima betri ikiwa imetulia: volti 12.6. Hapo imejaa, ingesoma 12.2 ingekuwa karibu na nusu. Kisha akaniomba nizungushe ufunguo yeye akiangalia mita. "Ka!" Ikashuka mpaka 12.4 tu. Hapa ndipo nilipoona huyu mtu anaijua kazi. Betri iliyochoka ingeporomoka chini ya 10 ikibebeshwa stata. Hii haikuporomoka kwa sababu ule umeme mkubwa haukupita kabisa.

Akashuka chini ya gari. Mita akaiweka kati ya nguzo nene ya stata, ile inayopokea waya wa betri, na bodi ya stata yenyewe. Nikazungusha tena, umeme ukaonekana upo karibu wote. Maana yake umeme haukatikii kwenye waya wa chanya wala kwenye eathi, ile njia ya umeme kurudi betri. Akahamia nguzo ya pili, inayoingia kwenye mota: karibu hakuna kitu. "Umeme unafia humu katikati, mama."

Alifungua kwanza waya wa hasi wa betri, ndipo akaishusha stata. Ndani ya kile kifuniko cha nyuma kuna vipande viwili vya shaba. Ufunguo ukizungushwa, solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inavuta pistoni yenye sahani ya shaba inayokuja kuviunganisha, na mlio wa "ka!" ndio huo. Kimoja kilikuwa kimelika upande mzima, sahani haikigusi sawasawa. Ndiyo maana siku nyingine liliwaka na siku nyingine likakataa. Akabadilisha vyote viwili, akakagua sahani, akapima urefu wa kaboni za mota, zile zinazopitisha umeme na kulika taratibu, na kuziacha kwa sababu zilikuwa bado ndefu. Hilo la kuziacha nalitaja makusudi. Wengi wangenichaji na hizo.

Gari lilipowaka akapima tena kwenye betri: 14.2, alteneta inachaji vizuri. Nikalipa 35,000, shaba pamoja na ufundi. Betri yangu ni ile ile hadi leo.

Alinikanya pia kuhusu kuigonga stata kwa spana, kama vijana wanavyopenda. Inaweza kuwaka mara mbili tatu kwa sababu shaba zinatikisika zikagusana, ila ugonjwa unabaki pale pale.

Yasiyonipendeza yapo. Spea haweki, kwa hiyo kijana alitumwa mjini kufuata shaba na nikasubiri juani; benchi lipo, kivuli hakuna. Risiti haandiki mpaka umwombe, nasi wa biashara tunazihitaji. Halafu hana haraka hata kidogo, ukimharakisha anaweka mita chini na kukutazama tu.

Nampa nyota nne. Nenda asubuhi kabla foleni ya bajaji haijajaa, na kama ni Ijumaa mchana, msubiri arudi msikitini.