Meseji za mpigo kwa kamati ya harusi: nimelipia 3000, nusu ikaliwa na meseji moja

Kama upo kwenye kamati ya harusi au kipaimara na mmepanga kulipia hizi huduma za kutuma meseji kwa watu wengi kwa mpigo, soma kwanza hii. Mi ndo katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu hapa Dar, orodha yetu ya michango ilikuwa na watu 214, na kikao cha kwanza tu tukaona kupiga simu mmoja mmoja haiwezekani, na grupu la WhatsApp nusu ya wazee hawamo na waliomo wengi wamelizima sauti. Nikalipia kifurushi cha meseji 3000 kwa shilingi 20 kila moja, elfu 60 hiyo. Kampuni siitaji, maana makosa mengine ni ya kwangu mwenyewe.

Nianze na mazuri, yapo. Unapandisha orodha ya namba kutoka kwenye eksel, unaandika meseji, unabonyeza tuma, na ndani ya dakika mbili zimetoka zote na unaona ya nani imefika na nani simu yake imezimwa. Inafika hata kwenye kitochi, mtu hahitaji bando. Jina la mtumaji unachagua mwenyewe ila lisizidi herufi 11, sisi tukaweka HARUSI. Ubaya wa hilo jina ni kwamba mtu hawezi kuijibu ile meseji, na hakuna anayemwambia, shangazi yetu mmoja kajaribu kujibu siku mbili mfululizo anadhani simu yake mbovu, kapeleka mpaka kwa fundi.

Sasa njoo kwenye urefu, hapa ndo nililia. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, na kwake meseji isiyo na salamu tatu ni utovu wa adabu. Ukoo wetu umechanganyika, kwa hiyo ilianza Tumsifu Yesu Kristo, ikafuata Bwana Yesu asifiwe, ikafuata Asalam aleikum, halafu habari za majukumu, halafu familia inayo furaha kubwa isiyo na kifani, na hela ikatajwa huko chini kabisa kama vile inaona aibu. Nikahesabu, herufi 412 na nafasi zake. Nikajua meseji moja ni herufi 160, kwa hiyo hii itakatwa vipande vitatu, sawa, tutavumilia. Nikatuma. Kucheki salio, zimeondoka meseji 1498! Yaani shilingi 29,960 kwa tangazo moja, na harusi ilikuwa bado miezi mitatu.

Nikapiga simu kwao nimewaka. Dada aliyepokea alikuwa mtaratibu, akaniuliza, kaka umeweka emoji? Nikamwambia sijaweka. Umekopi kutoka WhatsApp? Hapo nikakaa kimya kidogo, maana ni kweli nilimwandikia mwenyekiti kwenye simu aipitishe, ndo nikaikopi. Akasema kwenye meseji yako futa neno Chang'ombe uliandike upya hapo hapo kwenye kompyuta. Nimefuta, nimeandika, na kile kinamba kidogo cha kijivu chini ya kisanduku, ambacho sikuwahi kukiangalia, kikashuka kutoka 7 kwenda 3.

Kumbe ni kile kikoma cha juu kwenye ng', walimu wanakiita ritifaa. Simu yangu inakipinda chenyewe kiwe kizuri, na kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Nilivyomwelewa yule dada ni hivi: meseji moja ina baiti 140 tu, na baiti moja ni biti 8, herufi za kawaida kila moja inakula biti 7 ndo maana zinaingia 160, ila ikiingia hata moja ya nje, iwe emoji au hicho kikoma kilichopinda, meseji nzima inahesabiwa biti 16 kwa kila herufi na zinaingia 70 tu. Na ikigawanyika kila kipande kinapoteza nafasi kidogo ya kujiunga na wenzake, unabaki na 153 au 67. Fanya hesabu, 412 kwa 67, vipande saba, mara watu 214. Sa fikiria lugha yetu ilivyo na ng'ombe, ng'ambo, king'amuzi, sijui wenye ng' mpaka kwenye majina yao wanalipa kiasi gani.

Nikaenda kusoma hii 160 imetoka wapi, nikacheka. Miaka ya 80 kuna Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliopanga GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi, alikaa na taipureta akaandika sentensi za maswali na habari za kawaida akazihesabu herufi, akaona karibu zote hazifiki 160, akasema inatosha. Na meseji ya kwanza kabisa, Desemba 3 mwaka 1992 huko Uingereza, ilikuwa "Merry Christmas", herufi 15. Hawa watu hawakuwa na mwenyekiti kama wetu.

Raundi ya pili nikaandika mwenyewe bila kumuonyesha mtu: "Habari. Kikao cha harusi Jumapili saa 10 jioni, Chang'ombe. Ahadi yako: 100,000. Bado: 60,000. Tuma kwa namba ya mweka hazina. Asante. Katibu". Ukichomeka namba yenyewe ya simu baada ya mweka hazina inafika 152, kipande kimoja. Ile ndefu ilitoka Jumatatu na mpaka Jumatano walikuwa wametuma hela watu 9. Hii fupi, jioni ile ile 23. Nisidanganye, hii fupi niliituma tarehe 27 na mishahara ilikuwa imeingia, kwa hiyo sifa yote si ya ufupi. Ila jaribu kuangalia simu ikiwa imefungwa, inakuonyesha mistari miwili ya mwanzo tu, na mistari miwili ya ile ya mwanzo ilikuwa salamu tupu, mtu anaona Tumsifu Yesu Kristo anajua ni tangazo la jumuiya anaweka simu mfukoni.

Ila na ufupi una kesi yake. Kesho yake asubuhi mama mkubwa akanipigia, hata sijasalimia, "we mtoto, mnanidai kama wale wa mikopo ya kwenye simu?" Na alikuwa sahihi kabisa, niliisoma tena nikaona inafanana na zile meseji za vitisho, jina hakuna, salamu ya juu juu, deni, namba. Nikaomba radhi, nikagawa orodha mara mbili, wazee peke yao na rika letu peke yake, na kwa wazee nikabadili Habari kuwa Shikamoo. Herufi mbili tu zimeongezeka, 154, bado kipande kimoja, na hakuna mzee aliyenipigia tena kulalamika. Zile salamu tatu za mwenyekiti zilikuwa zinafanya kazi ambayo Shikamoo moja inaifanya.

Kuna kitu kingine wanakitangaza sana, kuweka jina la kila mtu kwenye meseji yake. Wazo zuri, tatizo linachukua jina kama lilivyo kwenye eksel, na eksel yangu nilitoa kwenye simu. Mtu mzima kabisa akapokea "Ndugu Fundi Friji Tabata". Mwingine "Ndugu Mpangaji Chumba cha Nyuma", huyo mpaka leo ananitania. Na watu 31 wenye majina marefu meseji zao zikavuka 160, zikahesabiwa mbili mbili. Safisha orodha kwanza.

Ndefu nimeituma mara moja tu tena, ya shukrani baada ya harusi. Hiyo nilikubali iende vipande viwili kwa kila mtu, meseji 428, na sijutii, kwa sababu mtu ameshatoa hela yake, ameshacheza, hana haraka, na ukimshukuru kwa herufi 90 anaona ulikuwa unamtafuta kwa ajili ya mchango tu. Watu walipiga simu kusema wameipenda, wengine waliisoma kwa sauti kazini.

Huduma yenyewe naipa nyota tatu kwa tano. Kasi nzuri, yule dada wa simu nyota tano peke yake, ila kampuni inayojua kwamba alama moja inakupandishia gharama zaidi ya mara mbili halafu inakuonyesha kwa kinamba cha kijivu pembeni, hiyo siyo bahati mbaya. Iweke onyo jekundu kabla ya kubonyeza tuma. Na meseji zisitupwe muda ukiisha, nimezilipia.

Mpaka leo zimebaki 61 na zinaisha tarehe 30. Mwenyekiti ameshaniuliza kama zinatosha kuita kikao cha kuvunja kamati, tuko watu 18, nikamwambia zinatosha, naweza hata kumpa vipande vitatu, herufi 459. Jana kaniletea maneno yake. Karatasi moja, kaandika pande zote mbili.